Wasanii wa Montparnasse walifuata nini: chakula, moto au mkopo? (Na wanaokwenda kula La Coupole wapite hapa)

#1 Makaa Mawe
Wakuu, salaam. Kila anayeandika kuhusu La Coupole ya Paris, boulevard du Montparnasse namba 102, anaimba wimbo uleule: wasanii maskini walikula pale, wakalipa kwa michoro, na ndiyo sababu nguzo zimechorwa. Mimi nasema hadithi hiyo imeshonwa kwa viraka vya mikahawa mitatu minne tofauti. Hoja yangu ni kwamba wasanii hawakufuata chakula, walifuata moto. Vyumba vya kazi vya La Ruche, vile alivyofungua mchongaji Alfred Boucher mwaka 1902, vilikuwa vya kodi ndogo na baridi kali. Kikombe kimoja cha kahawa kilikupa kiti karibu na jiko la mkahawa mpaka usiku. Mwenye hoja nyingine ailete. Na anayejua namna ya kula pale leo bila kuumizwa na bili aandike pia, kuna watu wako njiani.

#2 Kijiko Kirefu
Hoja ya moto inakwama kwenye ramani. La Ruche iko passage de Dantzig, karibu na yalipokuwa machinjio ya Vaugirard, zaidi ya kilomita 2 kutoka makutano ya Vavin, ilipo mikahawa tunayoizungumzia. Katikati hapo mikahawa yenye jiko ilikuwa tele. Mtu anayetetemeka haipiti yote hiyo akatafute moto wa mbali. Walifuata mkopo. Victor Libion, aliyeushika mkahawa wa La Rotonde mwaka 1911, aliwaacha wakae kutwa na kikombe kimoja, akapokea michoro kama rehani, akafumba macho walipomega ncha za mikate iliyokuwa kwenye vikapu. Mwenye mkahawa wa namna hiyo unamfuata hata kwa miguu. Ndiyo maana akina Modigliani, yule mchoraji, walikuwa wateja wa kudumu, La Rotonde na La Coupole.

#3 Turubai
Modigliani La Coupole? Punguza kamba, mkuu. Alifariki Januari 1920. La Coupole ilifunguliwa tarehe 20 Desemba 1927, na kabla ya hapo kiwanja kile kilikuwa bohari la kuni na makaa. Mahali alipokula kweli ni kwa Rosalie Tobia, mama wa Kiitaliano aliyewahi kuwa modeli wa wachoraji, mkahawa mdogo wa rue Campagne-Première. Huko ndiko alikoacha michoro badala ya hela, na husimuliwa kwamba panya waliitafuna stoo.

Tupange tarehe kwanza, ndipo tubishane. Libion na La Rotonde walianza kabla ya vita ya kwanza ya dunia. La Coupole ni ya Ernest Fraux na René Lafon, wafanyabiashara waliokuwa wameendesha mkahawa wa Le Dôme, upande uleule wa barabara, na walijenga kwa ajili ya wateja wenye pesa. Usiku wa ufunguzi, husimuliwa kwamba shampeni iliisha mapema. Kufika 1927, wachoraji Foujita na Kisling walishakuwa wanauza kazi zao vizuri. Kwa hiyo anayeniambia "wasanii maskini wa La Coupole" anizungumzie mtu mmoja mmoja kwa jina.

#4 Bi Sahani
Nyote mnamruka mwanamke aliyewalisha. Marie Vassilieff, mchoraji kutoka Urusi, alifungua jiko la wasanii kwenye studio yake, 21 avenue du Maine, mwaka 1915. Vita ilikuwa imekata fedha ambazo wageni walikuwa wakitumiwa na jamaa zao, na mikahawa ililazimika kufunga mapema usiku. Jiko lake liliandikishwa kama klabu ya watu binafsi, hivyo amri ya kufunga haikuligusa. Bei inayotajwa ni santimu 65 kwa supu, nyama, mboga, na saladi au kitu kitamu. Divai ililipiwa kando.

Sasa mkichukua hoja ya moto na hoja ya mkopo, yote mawili yalikuwepo pale, na chakula juu yake. Nasema walifuata sahani.

#5 Kaunta
Sahani, moto, mkopo, vyote ni vya kabla ya 1920. Umati wa Vavin uliojaza La Coupole ulitokana na hesabu ya sarafu. Julai 1926 faranga ilianguka hadi karibu 49 kwa dola moja. Ilipotulia mwisho wa mwaka huo ilikuwa kama 25, na hata hiyo ilimfanya Mmarekani mwenye kipato cha kawaida aishi Paris kama bwana mkubwa. Ongeza kwamba kwao pombe ilikuwa marufuku tangu 1920 hadi 1933. Fraux na Lafon waliona foleni za Le Dôme, wakajenga ukumbi mkubwa kuliko wote, wenye baa ya Kimarekani ndani, na mwaka 1928 wakaongeza ukumbi wa dansi chini ya ardhi. Wasanii walikuwa chambo tu, samaki walikuwa wenye dola.

#6 Reli ya Nne
Mkuu Kaunta umeeleza wateja, hujaeleza kwa nini Vavin na siyo mtaa wa Montmartre, ambako wachoraji walikuwa tayari. Jibu ni usafiri. Kituo cha Vavin cha metro kilifunguliwa Januari 1910. Novemba mwaka huohuo kampuni ya Nord-Sud ikafungua njia kutoka Porte de Versailles kupitia Montparnasse, na 1911 ikafika Pigalle. Mchoraji wa Montmartre akawa na safari fupi ya chini ya ardhi. Boulevard Raspail nayo ilikamilishwa miaka hiyo ya kabla ya vita, ikakata moja kwa moja kwenye makutano yale. Njia zikikutana, vikombe vya kahawa navyo vinakutana.

#7 Makaa Mawe
Naona kila mtu kaja na treni yake 😀 Kijiko Kirefu, watu walitembea sana enzi hizo, kilomita 2 haikuwa safari. Na Turubai, mimi mwenyewe nimesema hadithi imeshonwa viraka, kwa hiyo tarehe zako zinanibeba mimi.

#8 Turubai
Zinakubeba mpaka mlangoni. Kiwanja kilikuwa na makaa mpaka kikajengwa mkahawa, lakini hakuna aliyekwenda bohari kuota moto.

#9 Mgeni wa Njia
Asanteni kwa darasa. Naomba kurudi kwenye swali la pili la #1. Mtu akienda kula La Coupole au braseri (mkahawa mkubwa wa chakula na vinywaji) yoyote ya zamani ya aina hiyo, anakaaje, anaagizaje, anakosea wapi?

#10 Kijiko Kirefu
Haya, kwa ufupi kadiri niwezavyo.

Shuka Vavin, metro namba 4, mlango uko hatua chache. Soma bei kabla ya kuingia, maana sheria ya Ufaransa inataka orodha ibandikwe nje. Braseri kubwa hupika mfululizo, tofauti na migahawa mingi inayofunga jiko kama saa 8 na nusu mchana na kulifungua tena saa 1 jioni. Saa 9 au saa 10 alasiri ndiyo nzuri kwa anayetaka kutazama ukumbi: nusu ya meza ziko wazi, na mhudumu hana haraka ya kukuondoa.

Ukifika usijichagulie meza. Simama pale mlangoni, taja idadi ya watu, sema unataka ndani ya ukumbi, siyo barazani. Wengi hukosea hapo: barazani unalipia barabara, na nguzo huzioni. Ukiwa wawili, benchi la ukutani hupewa anayetaka kutazama ukumbi, kiti cha mkabala kinatazama ukuta.

Maji: ukisema "maji" tu utaletewa chupa ya kulipia. Sema "une carafe d'eau", na jagi la maji ya bomba halilipiwi. Mkate nao umo ndani ya bei ya mlo tangu agizo la 1967, kwa hiyo usiogope kuomba kikapu cha pili. Huduma, ile asilimia 15 ya zamani, imo ndani ya bei zilizoandikwa. Ukipenda acha sarafu mezani, usipoacha hakuna anayekudai. Mashine ya kadi ikikuuliza kuhusu bakshishi, unaruhusiwa kuruka.

Mchana wa siku za kazi tafuta "plat du jour" (chakula cha siku) au mlo wa bei moja wa sahani mbili. Kinachovunja bili ni vinywaji: kodi ya chakula mezani ni asilimia 10, ya pombe ni 20, na glasi ya kwanza ya shampeni unayoulizwa kwa tabasamu kabla hujafungua orodha huwa haitajwi bei. Kahawa huja baada ya kitu kitamu, haiji pamoja nacho, na ni ile ndogo nyeusi. Bili haiji mpaka uiombe. Hawajakusahau, kuileta bila kuombwa ni kama kukufukuza.

#11 Chaza Namba Tatu
Naongeza upande wangu. Pale watu huenda kwa ajili ya sinia la vyakula vya bahari, na ndipo wanapopotelea.

Chaza wa kawaida hupangwa kwa namba, na namba ndogo ni chaza mkubwa. Namba 5 ni gramu 30 hadi 45, namba 4 ni 46 hadi 65, namba 3 ni 66 hadi 85, namba 2 ni 86 hadi 110, namba 1 ni 111 hadi 150, na 0 anazidi hapo. Uzito huo ni pamoja na gamba. Asiyewahi kula aanze na namba 4 au 3, sita wanatosha. Anayeagiza namba 1 akidhani "namba moja ndiyo bora" anakutana na mnyama wa kujaza mdomo, anakata tamaa siku hiyohiyo.

Akiletwa mezani, mguse ukingo kwa ncha ya uma. Mzima hujikunja. Asiyejikunja, aliyekauka au mwenye harufu nzito, mrudishe, mhudumu wa kweli habishi. Yale maji ya kwanza yamwage: yana chumvi nyingi na huenda yana vipande vya gamba. Baada ya dakika chache anatoa maji mengine, laini zaidi, hayo ndiyo ya kunywa. Mkate mweusi na siagi ya chumvi ni vya kula kati ya chaza na chaza. Siki yenye vitunguu vidogo: tone moja. Limau likizidi unakula limau.

Sinia zima lina mpangilio wake. Chaza kwanza, kwa sababu barafu ikiyeyuka maji baridi yanaingia kwenye magamba na kuua ladha. Kisha kamba. Konokono wa bahari watolewe kwa sindano, kile kifuniko kigumu usikile, wala ncha laini ya mwisho. Kaa awe wa mwisho, anachukua muda na mikono inachafuka.

Mei hadi Agosti chaza wengi wana maziwa maana wanazaa. Hawana sumu kwa sababu hiyo, ila ulimi wa wengi haupendi. Kuna wale waliozalishwa wasizae, hao hawana msimu.

#12 Mgeni wa Njia
Shukrani kubwa. Na ule mchuzi wa kondoo unaosifiwa? Ni wa kweli au wa watalii?

#13 Bi Sahani
Ni wa kweli kwa maana kwamba unahusishwa na nyumba ile tangu miaka ya mwanzo, na unaletwa mezani kwenye kigari na mhudumu aliyevaa mavazi ya Kihindi. Lakini usitegemee pilipili. Ni mchuzi wa Kifaransa wa bizari: bega la kondoo, tufaha, nazi, wali pembeni, na viungo vya tamutamu vya kuchanganya. Tufaha ndilo linaloupa uzito, likipikwa muda mrefu linavunjika na kuwa uji, hivyo hauhitaji unga. Upungufu wake ni uleule wa kila mchuzi unaosubiri kwenye kigari: ukifika mwisho wa zamu umeganda na mafuta yamejitenga. Uagize mwanzo wa mlo wa mchana au mwanzo wa jioni. Mkono wa anayepakua ukisita juu ya wali, mwambie aongeze, hulipii zaidi.

#14 Kaunta
Kigari chenyewe ni ushahidi wangu. Hakuna msanii mwenye njaa aliyepakuliwa mchuzi kwenye kigari.

#15 Reli ya Nne
Mchongaji Giacometti alikuwa mteja, mwandishi Simenon pia, na mcheza dansi Josephine Baker. Waandishi Louis Aragon na Elsa Triolet walikutana pale tarehe 6 Novemba 1928. Basi weka hoja ya sita: mapenzi. Hiyo haitaki sarafu wala treni.

#16 Kaunta
Mapenzi baa ya Kimarekani, bei ya Kimarekani.

#17 Nguzo ya Kushoto
Mnabishana huku nguzo zenyewe mmezisahau. Hesabu inayochapishwa zaidi ni 33. Rangi ya kijani imeshika sehemu ya chini, michoro iko juu, kwa hiyo ukikaa chini yake kabisa huoni kitu, kaa meza mbili tatu mbali. Waliopanga mapambo ni Alphonse-Louis Solvet na mwanawe Paul. Wachoraji wengi walikuwa wanafunzi au marafiki wa Matisse, Léger na Friesz. Marie Vassilieff wa #4 yumo, kwa hiyo mwaka 1915 aliwalisha na 1927 akawapambia.

Nyingi hazina saini, ndiyo maana kila mwongozo wa watalii unakutajia Chagall na Brancusi bila kukuonyesha ni nguzo ipi. Ukiambiwa hivyo, omba kidole kinyooshwe.

Na lile kuba la katikati msilipige picha mkidhani ndilo alilotazama Giacometti. Michoro ya pale juu ni ya 2008, ya wasanii wanne wa sasa.

#18 Kijiko Kirefu
Nilivyosikia, wachoraji wa nguzo walilipwa kwa vinywaji. Kwa hiyo mkopo wangu umerudi kwa mlango wa nyuma.

#19 Nguzo ya Kushoto
Inasimuliwa sana, lakini fikiria kazi yenyewe. Jengo jipya, tarehe ya ufunguzi imetangazwa, mpambaji mmoja anaratibu wachoraji zaidi ya 20. Kazi ya namna hiyo ina mkataba na tarehe ya mwisho. Vinywaji huenda vilikuwepo juu ya malipo, siyo badala yake.

Ukitaka mchoro uliolipa deni kweli nenda Bouillon Chartier, 7 rue du Faubourg-Montmartre, iliyofunguliwa 1896. Kuna picha kubwa ya ukutani ya mwaka 1929, ya mchoraji Germont, inayosemwa ilifuta deni lake la chakula. Pale mhudumu bado anakuandikia hesabu kwenye karatasi iliyotandikwa mezani, na zile droo za mbao ukutani zilikuwa za kuwekea leso za wateja wa kila siku. Mteja mwenye droo yake ndiye wa kukopeshwa, anajulikana atarudi.

#20 Makaa Mawe
Na hoteli ya La Colombe d'Or kule Saint-Paul-de-Vence, mwenyewe Paul Roux alipokea picha kwa chakula na malazi.

#21 Bi Sahani
Alipokea, lakini yeye mwenyewe alipenda picha na alikuwa na jicho. Libion alizitundika kama rehani. Rosalie aliziacha stoo. Vitu vitatu tofauti, msivitie kapu moja.

#22 Kahawa Chungu
Nimechelewa uzi, nimesoma wote. Mkitaka mkongwe kuliko hao wote ni Le Procope, 1686, haujawahi kufungwa.

#23 Turubai
Mwaka 1686 sawa, Francesco Procopio dei Coltelli. "Haujawahi kufungwa" hapana: ulifungwa mwishoni mwa karne ya 19, ukarudi kama mgahawa katika karne ya 20. Na wa kwake ni waandishi na wanasiasa wa karne ya 18, ni uzi mwingine. Barcelona nako Els Quatre Gats ulidumu 1897 hadi 1903 tu, Picasso akafanya maonyesho yake pale Februari 1900. Mkahawa wa wasanii ukitegemea wasanii peke yao, hesabu yake ndiyo hiyo: miaka sita.

#24 Kaunta
Asante kwa kunisaidia. Sita ya wasanii, na La Coupole ya wenye dola bado inauza chaza.

#25 Makaa Mawe
Dola yako ilikauka baada ya 1929, mkuu. Wamarekani wakarudi kwao, ukumbi ukabaki na watu. Hao waliobaki walifuata nini?

#26 Mgeni wa Njia
Swali dogo: hizo picha za nguzo zimekaaje karibu miaka mia moja juu ya moshi wa sigara na mvuke wa jikoni?

#27 Nguzo ya Kushoto
Ni rangi ya mafuta juu ya kitambaa, kisha kitambaa kikagandishwa kwenye nguzo. Njia ya kizamani hutumia gundi nzito, aidha ya unga au ya rangi nyeupe ya risasi iliyochanganywa na mafuta. Unapaka ukuta na mgongo wa kitambaa, unabandika kuanzia katikati, unasukuma hewa kuelekea kingo kwa roli. Hewa ikibaki inakuwa puto, na miaka ikipita rangi inapasuka hapohapo. Gundi ya unga inaogopa unyevu, ya risasi inashika sana lakini haibanduki bila kuumiza picha.

Moshi hukaa juu kama utando wa njano unaonata na kukamata vumbi. Mafundi huanza na kipande kidogo pembeni, pamba yenye unyevu kidogo, wakipima kama rangi inatoka, ndipo waendelee. Kusugua picha nzima siku ya kwanza ndiko kulikoharibu kazi nyingi za mikahawa. Uvutaji ndani ya migahawa ya Ufaransa ulipigwa marufuku tarehe 1 Januari 2008, kwa hiyo adui mmoja ameondoka. Mapambo yenyewe yaliandikishwa kama urithi wa kihistoria mwaka 1988, mwaka ambao kampuni ya Flo iliinunua La Coupole na jengo la ofisi likapandishwa juu yake. Mwenye nyumba hawezi kuyagusa bila kibali.

#28 Reli ya Nne
Jibu langu kwa #25: metro haikuondoka na Wamarekani.

#29 Kijiko Kirefu
Wala deni. Mgeni wa Njia, ukienda, meza ya mapema, chaza namba 4, jagi la maji, na usikubali ile shampeni ya tabasamu kabla ya kuona bei.